Tembo la Saa Ngapi?

Siki ninayotumia kwenye achari zangu huanzia juu ya mnazi. Mjomba huifunga karara kwa kamba isije ikapasuka na kuchanua, huikunja taratibu mpaka iiname, kisha huikata ncha kwa kotama na kuitundikia kibuyu. Siku hizi kibuyu kimekuwa kidumu cha plastiki. Hupanda alfajiri, hupanda tena jioni, na kila apandapo huchonga ncha ile kidogo ili isizibe. Kinachodondoka ni maji meupe, matamu, ambayo kwa akina mama yangu hata watoto walipewa. Bibi aliyatia kwenye unga wa vitumbua usiku, na kulipokucha unga ulikuwa umeumuka bila hamira ya dukani. Ng'ambo ya bahari hii hii, kule Goa, waokaji walizoea kuumua mikate yao kwa tembo la mnazi tangu enzi za Wareno.

Lakini maji hayo hayatulii. Hewa na chombo vina hamira isiyoonekana kwa macho, na chakula chake ni sukari. Uchachu huanza tone la kwanza linapogusa kidumu. Ndiyo maana anayetaka tembo tamu humwomba mgema apake chokaa ndani ya chombo ili kuuchelewesha. Baada ya saa chache kileo kimefika kiasi cha asilimia 4 au 5, sawa na bia. Kesho yake tembo ni kali. Siku mbili tatu zikipita wanywaji hulikunjia uso, na hapo ndipo mimi hulinunua kwa bei ya kutupa, nikalimimina mtungini na kulifunika kwa kitambaa chepesi ili lipate hewa, mpaka liwe siki. Katika wiki chache mti mmoja umetoa kinywaji cha mtoto, kinywaji cha mlevi na kiungo cha kachumbari. Ni wakati tu uliopita.

Aliyenifanya niione biashara hii kuwa ni jambo la dini ni mwalimu wa madrasa, kijana mwenye adabu, mteja wangu wa achari ya ndimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba nikuulize, wala usinielewe vibaya. Siki ya achari hii imegeuka yenyewe, au kuna kitu ulitia?"

Nikamwambia ukweli. Ili isinikawize, hutia kikombe cha siki ya mtungi uliotangulia. Akaitazama chupa, akairudisha mezani. "Basi nipe muda, mama. Nitamuuliza sheikh wangu."

Sikuchukia. Mimi ni Mkatoliki kwa baba, mtu wa misheni ya Bagamoyo. Mama alizaliwa Mwislamu wa Kaole, na ndugu zake wote wamebaki katika Uislamu. Nimekua nikila futari na nikila Krismasi. Ila sikuwahi kuulizwa swali ambalo kikombe kimoja cha siki kingeweza kuamua kama chakula changu ni safi au ni najisi.

Nilichojifunza tangu siku hiyo ni hiki. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, yanasema kilevi ni najisi, na kikigeuka siki chenyewe kimetakasika. Mtu akikitia kitu ili akigeuze, unajisi umebaki. Wahanafi hawaweki sharti hilo: kwao mvinyo uliokwisha kuwa siki ni siki, uwe umegeuzwa na mkono au umegeuka kwa wakati. Wanazuoni huyaita mageuzi hayo istihala. Kitu kikiacha asili yake, hukumu ya zamani haikifuati tena.

Imepokewa kwamba Mtume aliulizwa kuhusu mvinyo wa mayatima, kama unaweza kufanywa siki, akakataa. Imepokewa pia kwamba aliisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri. Na imepokewa kwamba alikuwa akirowekewa tende au zabibu majini, akinywa maji yake leo, na kesho, na mpaka siku ya tatu, kisha kilichobaki hunyweshwa wengine au humwagwa. Hilo la tatu ndilo lililonikamata. Maji ni yale yale na tende ni zile zile. Kilichoweka mpaka ni siku.

Hata katazo lenyewe lilishuka kwa awamu. Sura ya An-Nahl inataja kwamba watu hupata kilevi na riziki njema kutokana na mitende na mizabibu. Al-Baqara inasema katika ulevi mna dhambi kubwa na manufaa pia, ila dhambi ni kubwa kuliko manufaa. An-Nisaa inamzuia mlevi asiikaribie sala. Al-Maida ndiyo inayofunga mlango. Mwislamu wa kweli hasomi aya hizo kana kwamba anaweza kuchagua aitakayo. Iliyo ya mwisho ndiyo sheria. Lakini mwenye kuzisoma kwa mpangilio wake anaona kwamba Mungu mwenyewe hakuona haya kufundisha hatua kwa hatua.

Mtu akiniuliza tena kama tembo ni haramu, nami nitamuuliza: tembo la saa ngapi? Na kusema kwamba hukumu hufuata saa si kusema hakuna hukumu. Nimeona nyumba zilizoliwa na tembo hapa hapa kwetu: mashamba ya minazi yaliyowekwa rehani, watoto waliotolewa shule. Sheria inayouliza saa ni kali kuliko ile inayouliza jina la kinywaji peke yake, maana haimpi mtu nafasi ya kujificha nyuma ya jina.

Mjomba alijaribu kujificha hapo. Ni Mwislamu, hanywi, na anajua kwamba laana ya ulevi haikumwishia mnywaji. Imemtaja mkamuaji, mbebaji na muuzaji. Nilipomuuliza, alinijibu huku akiifuta kotama yake: "Mpwa wangu, mimi nashusha maji matamu. Wao ndio wanaoyachelewesha." Jibu zuri, lakini si la kweli lote. Mjomba anaijua saa watakayokunywa wateja wake kuliko wao wenyewe wanavyoijua. Wakichelewa kuja, huwawekea.

Nikageukia upande wa baba. Tarehe 4 Machi 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner, Mfaransa wa Alsace, walianza misheni Bagamoyo kwenye ardhi waliyopewa kwa idhini ya Sultani Majid. Pwani ilikuwa imejaa minazi, mtama na mpunga. Lakini Misa haikuweza kusomwa kwa chochote kati ya hivyo. Mkate lazima uwe wa ngano, mvinyo lazima uwe wa zabibu, na vyote viwili vililetwa kwa meli. Sheria hiyo ingali hivyo. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka mvinyo wa asili, tunda la mzabibu, usioharibika. Hata ibada ya Zaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yenye ngoma zake na kuwaita mababu, haikugusa ngano wala zabibu.

Vijana wetu wa parokia hukasirika wakisikia hivyo. Kwa nini Kristo asije kwa tembo, kinywaji cha wazee wetu? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilifikiria pingamizi la namna hiyo, akajibu kwamba ngano na mvinyo, hata pasipolimwa, husafirishika kwa urahisi kwenda kila nchi. Zamani nililiona jibu la mtu asiyewahi kuona pwani yetu. Sasa, kama mtu wa siki, naona lina maana moja nisiyoweza kuipuuza: mvinyo husafiri, tembo halisafiri. Lipakie asubuhi kwenye daladala la Makumbusho, ukifika limeshakuwa kitu kingine, na ukikaza kizibo litakichomoa lenyewe njiani. Sakramenti ya tembo ingekuwa ya kila kijiji na saa yake, na padri wa Dodoma asingeweza kunywa kikombe kimoja na padri wa Bagamoyo. Dodoma walipata njia nyingine: wamisionari Waitalia walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na leo mkoa ule unavuna zabibu mara mbili kwa mwaka.

Lakini Thoma alikwenda mbali zaidi, akauliza habari ya siki. Akasema siki haifai kwa sakramenti, maana imeacha kuwa mvinyo. Na mvinyo ulioanza kuchachuka ila haujafika? Huo unafaa, akasema, lakini padri anayeutumia anatenda dhambi. Niliposoma hapo nilimkumbuka mwalimu wa madrasa. Mmoja ni sheikh wa Shafii, mwingine ni mtawa wa Kidominiko, na wote wawili wamesimama kwenye kizingiti kimoja, mvinyo unapogeuka siki, wakitazama pande mbili tofauti. Kwa Mwislamu hapo ndipo kinywaji kinaporudi mezani. Kwa Mkatoliki hapo ndipo kinapoondoka altareni. Hawapingani juu ya kilichotokea. Wote wanakubali kwamba kitu kimekufa na kingine kimezaliwa. Na Injili ya Yohana imeviweka vyote viwili katika maisha ya mtu mmoja: huko Kana anafanya mvinyo kwa dakika, bila kungoja mzabibu wala pipa, na msalabani kinywaji cha mwisho anachopewa ni siki.

Historia ya vinywaji duniani, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu wanaotaka kuizuia saa. Binamu yangu mtawa aliishi miaka kadhaa Palermo, kisiwani Sisilia, na barua zake zilijaa vyakula. Kule Trapani, aliandika, wanakula kuskusi kwa mchuzi wa samaki, urithi wa Waarabu walioanza kuteka kisiwa hicho katika karne ya 9. Wanakula caponata, biringanya zilizokaangwa kisha zikatiwa siki na sukari, na pembeni huweka bilauri ndogo ya mvinyo wa Marsala. Mvinyo huo ulipata jina duniani baada ya mwaka 1773, Mwingereza John Woodhouse alipoutia pombe kali ili ufike Uingereza bila kuharibika. Kwenye kisiwa kidogo cha Pantelleria, karibu na Tunisia, upepo ni mkali kiasi kwamba mizabibu hupandwa ndani ya vishimo, na zabibu huanikwa juani kwanza ndipo zikamuliwe, ili utamu uzidi na mvinyo udumu. Kilimo hicho kiliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2014. Na huko Marekani, mwaka 1869, mwaka mmoja tu baada ya misheni yetu kuanza, daktari wa meno Thomas Welch, Mmethodisti asiyetaka kileo kwenye meza ya Bwana, aliichemsha juisi ya zabibu ili isichachuke kabisa.

Hata Waislamu wa Sisilia hawakuing'oa mizabibu. Ibn Hamdis, mshairi Mwarabu wa kisiwa hicho aliyefariki mwaka 1133, aliacha mashairi ya mvinyo pamoja na ya kuililia nchi yake. Woodhouse, wakulima wa Pantelleria na Welch walikuwa na imani mbalimbali, lakini walikubaliana jambo moja: kinywaji kinachobadilika kinamsumbua anayetaka kukitolea neno la mwisho.

Sisi tuliishi nacho kikibadilika, na meza yetu inaonyesha hivyo. Nenda kwenye kilabu chochote cha tembo kuanzia Mapinga hadi Kaole wakati wa alasiri. Utakuta pweza aliyechemshwa akakatwa vipande, muhogo wa kuchoma, dagaa wa kukaanga, na kibakuli cha pilipili iliyoloweshwa kwenye siki ya tembo. Mnywaji anakunywa tembo la leo na kuchovya kwenye tembo la mwezi uliopita. Chupa ile ile ya siki, ikitoka kwangu, huenda pia kwenye kachumbari ya pilau ya maulidi, na kwenye samaki wa Ijumaa Kuu nyumbani kwa padri. Mlevi, sheikh na padri wanaonekana kuwa na vinywaji vitatu tofauti. Kitoweo chao ni kimoja. Minazi nayo inapungua, ugonjwa unainyausha na viwanja vya nyumba vinaimaliza, na ikiisha hatutapoteza pombe peke yake.

Sasa nifike ninakotaka kufika, nako si kwenye siki.

Bagamoyo haikuwa mji wa minazi tu. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, na mamia kwa mamia ya watu walifika hapa wakiwa mali ya watu wengine. Babu mzaa babu yangu alikuwa mmoja wa watoto waliokombolewa na misheni. Alibatizwa, akafundishwa jembe, useremala na katekisimu, akaozwa, akapewa kiwanja kwenye kijiji cha waliokombolewa. Karibu miaka mia moja baadaye, posa ya shangazi yangu ilivunjika kwa sababu upande wa bwana harusi waliuliza asili yetu na hawakupenda jibu. Shangazi hakuwa mtumwa. Mama yake hakuwa mtumwa. Lakini wale waliikamata saa moja ya mwaka 1870 na kitu wakasema hiyo ndiyo sisi.

Mji huu huu una mfano wa kuwaaibisha. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtoto mtumwa katika nyumba ya tajiri Mwarabu. Alisoma, akawa huru, akamiliki minazi, na akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya ambaye waungwana walikuja kupokea uongozi kwake. Alifariki mwaka 1931, na maulidi yake yangali yakiwaleta watu Bagamoyo kutoka mbali. Aliyemwita mtumwa baada ya hapo alikuwa akisema uongo, ingawa neno hilo liliwahi kuwa kweli.

Hapa nilijiuliza swali ambalo mwalimu wa madrasa hakukusudia kuniuliza. Sheikh Ramiya aligeuka kwa elimu aliyoitafuta mwenyewe. Babu yetu alitiwa kitu. Alitiwa kengele ya misheni, jina jipya, dini ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Kwa sharti la Shafii, je, amegeuka kweli? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni ndiyo. Hakuna mtu anayegeuka pasipo mkono wa mwingine. Hata Ramiya alikuwa na waliomfundisha. Dini ambayo babu alitiwa akiwa mtoto aliishika akiwa mzee kwa hiari yake, akawafundisha wanawe, na baba yangu akanifundisha mimi. Katika siki nitamfuata Imamu Shafii, kwa heshima ya wanaokula kwangu. Katika watu niko na Abu Hanifa: aliyegeuka amegeuka.

Mwalimu alirudi. Sheikh wake hakutoa ndiyo wala hapana, alituma swali. Kikombe kile cha siki ya zamani, nilikitia tembo likiwa bado tamu, au lilipokwisha kuwa kali? Kama lilikuwa tamu, lilikuwa bado halijawa kilevi, na jambo lina nafuu. Mimi hununua tembo likiwa limeshakataliwa na walevi, kwa hiyo jibu langu halikuwa na nafuu. Tangu hapo naiacha mitungi igeuke yenyewe. Inachukua muda mrefu zaidi na mingine hunioza. Bei nimeipandisha kidogo, na mwalimu analipa bila kulalamika.

Methali yetu humwonya mgema kwamba akisifiwa sana atalitia tembo maji. Ni onyo la haki, ila linamhusu mwizi mdogo. Mwizi mkubwa ni anayeficha saa: anayeuza tembo la jana kwa jina la tembo la alfajiri, anayemuuzia Mwislamu siki asiyomweleza ilivyogeuzwa, padri anayeunusa mvinyo uliochachuka akafumba macho, na mshenga anayeulizia ukoo wa watu kwa kalenda ya babu zao. Wajibu ninaoweza kuutimiza ni kumwambia kila anayekuja kwangu kitu hiki kiko saa ngapi sasa, kisha nimwache apime kwa dini yake. Na mwaka huu, wageni walipokuja kumposa binti yangu na mmoja akakohoa na kuuliza asili yetu, nilimjibu kila kitu kwa mpangilio, kuanzia msafara, kukombolewa, useremala, ualimu wa baba yangu, achari zangu, hadi shahada ya binti mwenyewe. Nikamwambia achague tarehe anayotaka kuoa.

Wamechagua ya leo. Mahari imeshapangwa.